Patografu Isiyo na Doa

Hotuba kwa wauguzi na wakunga, Moshi, katika maadhimisho ya Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, Muuguzi Mkuu wa Mkoa, viongozi wetu wa dini, wanafunzi wa vyuo vya uuguzi, na ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja bila kulala, maana nawaona pale nyuma mnavyopigana na kope zenu. Itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba, najua mlikuwa njiani kunisalimia.

Barua ya mwaliko iliniomba nitoe nasaha za mstaafu na maneno ya kutia moyo. Nimefanya kazi hii miaka 34, mingi yake katika wodi ya wazazi, na ile ya mwisho nikawa mratibu wa uboreshaji wa huduma, yaani yule mtu anayeshuka kwenye gari na fomu mkononi nanyi mnaanza kuitana. Nimekaguliwa, na nimekagua. Maneno ya kutia moyo wapo watakaoyasema baada yangu, na kwa sauti nzuri zaidi. Mimi leo nina jambo la kuungama.

Wengine humu si watu wa wodini, kwa hiyo niwaeleze kwanza patografu ni nini. Ni karatasi ya kufuatilia uchungu. Kila nusu saa mkunga anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuweka nukta. Kila baada ya saa 4 anapima njia ya uzazi imefunguka kiasi gani na kuweka alama. Presha, joto, mkojo, dawa, vyote vina mahali pake. Katikati kuna mistari miwili ya mshazari. Alama ikivuka wa kwanza, mama aliye kituo cha mbali aanze safari ya hospitali. Ikifika wa pili, hakuna tena kusubiri. Mistari hiyo ilitolewa mwaka 1972 na Philpott na Castle, madaktari waliokuwa wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, na walimfikiria mtu kama mimi: mkunga aliye peke yake, usiku, mbali na daktari, anayehitaji kitu cha kumwambia "basi sasa, mpeleke".

Usiku ninaousema nilikuwa katika kituo cha afya kimoja huku mlimani. Jina lake nitabaki nalo. Ilikuwa masika, barabara utelezi mtupu. Wodini tulikuwa na akina mama watatu wenye uchungu, mimi, na mhudumu mmoja ambaye ndiye aliyefagia, aliyechemsha maji na aliyefungua geti. Nilikwenda kitanda hadi kitanda. Mapigo ya watoto nilisikiliza nilipopata nafasi, lakini kuandika hapana. Kalamu iko mfukoni, mikono iko kwenye glavu. Saa 10 alfajiri mama wa kwanza akajifungua salama. Saa 11 wa pili akajifungua, halafu damu ikaanza kumtoka kwa wingi, nikabaki naye, mkono mmoja unasugua tumbo, mwingine unahangaika na dripu. Wa tatu alikuwa binti wa miaka 19, mimba yake ya kwanza. Niliporudi kwake kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana. Mtoto akatoka. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikampa pumzi kwa ambu. Hakulia.

Nje ya dirisha mama mkwe wake alikuwa amesimama na chupa ya mtori.

Kulipopambazuka, kabla ya kukabidhi zamu, niliketi mezani nikajaza patografu tatu. Nukta kila nusu saa, kwa mpangilio mzuri. 136, 140, 138, 140. Naona wazee wa kazi mnatazamana, kwa sababu namba hizo mnazijua. Ndizo namba za mkunga ambaye hakupata nafasi ya kusikiliza. Kisha nikafungua Kitabu cha 12 cha MTUHA, yaani rejista ya wanaojifungua katika mfumo wa taarifa za afya. Mle ndani mtoto aliyezaliwa mfu ana safu mbili. Kuna aliyefia tumboni siku za nyuma, ngozi imeshaanza kuchubuka, na kuna aliyekufa karibu na kuzaliwa. Safu ya kwanza haimuulizi mkunga kitu. Ya pili inamuuliza ulikuwa wapi. Sitawaficha: mkono wangu ulikwenda kwenye ile ya kwanza. Kilichonizuia si dhamiri. Ni zile nukta zangu mwenyewe. Mtoto wa mapigo 140 hadi dakika ya mwisho hawezi kuwa alikufa wiki iliyopita. Uongo mmoja ulinifungia njia ya uongo wa pili.

Kikao cha kujadili kifo kile kikasoma patografu, kikaona uchungu ulikwenda vizuri na mapigo yalikuwa mazuri, kikaandika kwamba sababu haikufahamika. Robo hiyo wakaja wasimamizi. Fomu yao iliuliza: patografu imejazwa kikamilifu? Ndiyo au hapana. Hapakuwa na mahali pa kuuliza imejazwa saa ngapi. Tukapata alama zote. Tukapewa cheti, tukakibandika ukutani karibu na saa.

Lakini sijafika kwenye ungamo lenyewe. Miezi michache baadaye mganga mfawidhi wetu aliandika barua kuomba mkunga wa pili wa zamu ya usiku. Jibu likaja kwamba takwimu za kituo chetu ni nzuri, hivyo vituo vyenye hali mbaya zaidi vitangulie. Nililaani sana siku ile. Nililaani watu wa ofisini, magari yao, chai yao. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba hawakukosea. Kwa mujibu wa karatasi nilizojaza mimi, usiku ule mkunga mmoja alihudumia akina mama watatu, akasikiliza mapigo ya kila mtoto kila nusu saa, akapima njia, akapima presha, akazuia damu, na bado akapata muda wa kuchora kwa mwandiko wa shule. Mkunga wa pili wa nini? Mimi ndiye niliyemnyima binti yule jibu la kwa nini mwanawe alikufa, na mimi ndiye niliyeinyima wodi mtu wa pili.

Tangu siku nilipokuwa mkaguzi, patografu safi ilinitia wasiwasi. Patografu iliyojazwa kitandani ina doa. Ina alama ya kidole, ina namba iliyokatwa, ina wino wa rangi mbili kwa sababu kalamu ya kwanza iliisha saa 8 usiku. Ile iliyonyooka kama ya mtihani, niliiweka kando nikamwita mkunga pembeni nikamuuliza, "Mwanangu, usiku mlikuwa wangapi?" Mara nyingi alianza kulia kabla ya kujibu.

Nitoke wodini kidogo, twende kliniki ya wajawazito, maana huko kuna kichekesho. Kuna kipindi kiashiria kilichotazamwa sana kilikuwa idadi ya wenza wanaokuja na wake zao na kupimwa VVU. Ni kiashiria chema. Nani hataki baba aje? Basi ikawa mama aliyekuja na mume anahudumiwa kwanza, na aliyekuja peke yake anakaa benchi hadi jua la utosi, au anaambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji kueleza mume yuko wapi. Mume yuko Mererani, yuko Dar, yuko kwa mwanamke mwingine, au hayupo kabisa. Mwenyekiti mwenyewe naye ana muhuri, na muhuri una bei yake.

Siku moja nampokea baba, kijana wa bodaboda, kofia ya chuma kwapani. Namtazama, sura hii naijua. "Wewe si ulikuja hapa wiki jana na mama mwingine?" Akanitazama bila haya: "Sista, hiyo ni kazi kama kazi nyingine." Alikuwa mume wa kukodi! Na watafiti waliofanya kazi sehemu nyingine za nchi hii waliyakuta hayo hayo, kwa hiyo msidhani ni ujanja wa Wachaga peke yao. Kwenye ripoti yetu ushiriki wa wanaume ulipanda vizuri. Kijana yule peke yake alitupandisha mara mbili.

Waliolipa ni wale wasiokuwa na fedha ya kukodi mume. Walichelewa. Wengine walikuja mimba ina miezi sita, saba, wakati kiashiria kingine, kwenye ukuta huo huo, kilitaka hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Cha kwanza kilikuwa kinamla mwenzake, nasi tulikaa kwenye kikao tukiuliza kwa nini akina mama wa eneo letu ni wazito kuelewa.

Sasa niseme habari ya mama yetu wa taa, maana leo ni siku yake. Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820, na watu wengi wanamkumbuka kwa taa wakasahau kwamba alikuwa mtu wa takwimu hasa, aliyewachorea wakubwa wa serikali ya Uingereza michoro ya vifo vya askari hadi wakaona haya. Lakini mwaka 1863, katika kitabu chake kuhusu hospitali, alitoa jedwali lililoonyesha kwamba katika hospitali 24 za London vifo vilikuwa zaidi ya 90 kwa kila wagonjwa 100. Hebu fikirieni. Madaktari wa London walikuja juu, na safari hii walikuwa na hoja. Hesabu hiyo, aliyoipata kwa mtakwimu William Farr, ilichukua vifo vya mwaka mzima ikavigawa kwa wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja tu. Hospitali kubwa za mjini, zilizopokea wagonjwa wengi mahututi na kuwatoa haraka, zikaonekana machinjio.

Nampenda mama huyu, na kosa lake nalipenda kwa sababu bado tunalo. Huku kwetu kifo kinaandikwa kilipotokea. Mama anatoka damu kituoni kwa saa nyingi, gari la wagonjwa linatafutiwa mafuta, anashuka mlimani, anafika hospitali ya rufaa hana hata presha ya kupimika, anafariki baada ya nusu saa. Kituo alikotoka kinaandika vifo sifuri, na kwenye kikao cha mkoa kinaitwa mbele kueleza siri ya mafanikio. Aliyempokea ndiye anayeandika barua ya kujieleza. Mkifanya hivyo miaka mitano, msishangae kituo kikijifunza kutoa rufaa ili kifo kisitokee kwake, na hospitali ikajifunza kuuliza maswali mengi kwenye simu kabla ya kusema "mleteni". Kule New York, walipoanza mwaka 1991 kutangaza hadharani vifo vya wagonjwa wa kila daktari wa upasuaji wa moyo, baadaye baadhi ya madaktari walikiri mbele ya watafiti kwamba walikuwa wakiwakwepa wagonjwa walio hoi. Si watu wabaya. Walikuwa wanalinda majina yao, kama mimi nilivyolinda langu kwa zile 136 na 140.

Mifano ya ughaibuni iko mingi, nitaipitia mbio kwa sababu mratibu ameshaanza kunionyesha saa. Uingereza serikali ilitaka kila mgonjwa amwone daktari wake ndani ya saa 48. Zahanati zikatii kwa kukataa kuandika miadi ya mbali zaidi ya siku mbili, kwa hiyo bibi aliyetaka miadi ya wiki ijayo aliambiwa apige simu wiki ijayo, na mwaka 2005 Waziri Mkuu Tony Blair aliulizwa jambo hilo mbele ya kamera naye akaonekana hakuwa na habari. Marekani hospitali zilipimwa kama zinampa mgonjwa wa nimonia antibayotiki ndani ya saa 4 tangu afike, na matokeo yake wapo waliopewa antibayotiki kumbe kilichowabana kifua ni moyo. Kwenye chanjo, shirika la Gavi lilizilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyeripotiwa kumaliza dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Mwaka 2008 watafiti walipolinganisha ripoti za serikali na majibu ya akina mama majumbani, nchi nyingi zilikuwa na watoto wa makaratasi.

Nasi hapa nyumbani tulianza kulipa vituo kwa matokeo mkoani Pwani mwaka 2011. Tathmini ya wenzetu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ilionyesha kwamba katika viashiria 8 walivyovipima, 2 vilipanda waziwazi: akina mama kujifungulia kituoni, na wajawazito kupewa dawa ya kukinga malaria. Sisemi ni haba. Lakini angalieni ni vitu gani. Mama amefika au hajafika, kidonge kimemezwa au hakijamezwa. Vinaonekana kwa macho. Kumwambia mama taratibu kwa nini miguu imemvimba, hakuna aliyetafuta bei yake.

Nyota za ubora wa vituo nazo mnazikumbuka. Vituo vilipopimwa mara ya kwanza mwaka 2015/16, takriban theluthi moja havikupata nyota hata moja. Ulikuwa ukweli mchungu, na mimi nasema ulikuwa ukweli wenye faida, maana kwa mara ya kwanza halmashauri ziliona kwa maandishi kwamba zahanati haina maji. Miaka miwili baadaye karibu kituo kimoja katika vitano kilikuwa na nyota tatu au zaidi. Matangi yalinunuliwa, vyoo vilijengwa, hivyo nimeviona kwa macho yangu. Nimeona pia siku moja kabla ya wakaguzi kufika, shuka mpya zikitolewa stoo, sabuni ikiwekwa kila sinki, na wagonjwa wakiangaliana kwa mshangao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiondoka, shuka zinarudi stoo, zinakunjwa vizuri zisichakae kabla ya mgeni mwingine.

Wanafunzi, msitoke hapa mkisema mama yule mstaafu kasema takwimu ni uongo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Kujifungulia kituoni kulitoka asilimia 63 hadi 81. Mkunga yeyote wa umri wangu anajua kwamba mambo yamebadilika kweli, tulikuwa tunazika. Ila tazameni ile namba ya vifo ilipatikanaje. Watu wa utafiti walikwenda nyumbani, wakawauliza watu habari za dada zao: yupo hai? alikufa lini? alikuwa mjamzito? Aliyejibu hakuwa na cheo cha kupoteza. Hapa hapa Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC wana rejista ya vizazi tangu mwaka 2000, waliyoianzisha pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Muuguzi anaketi na mama baada ya kujifungua, anamuuliza kwa utulivu, anaandika. Watu wamepata shahada zao kutokana nayo, na tumejifunza mengi kuhusu uzazi wa mkoa huu. Rejista ile iliwekwa ili tujue, haikuwekwa kupanga nani awe wa kwanza na nani aitwe kujieleza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwako nina ombi moja, na nitaliomba kwa adabu zote za Kichaga. Tumeshaona mkunga akisimamishwa kazi mbele ya kamera kwa sababu ya kifo kimoja, kabla hata faili halijafunguliwa. Naelewa hasira ya ndugu, nami ningekuwa nayo. Lakini siku ile ile, katika wodi zote zilizoitazama taarifa hiyo ya habari, kalamu zilibadilika. Ukitembelea wodi kesho, usianze na chati za ukutani. Muulize aliyekesha: jana usiku ni nini ulishindwa kukifanya? Kisha nyamaza. Atachelewa kujibu.

Nimalizie na jambo dogo la kituo cha mwisho nilichosimamia. Tuliweka daftari la kawaida, la mistari, lile wanalonunua watoto wa shule. Kila zamu iandike kilichokwenda vibaya au kilichokosekana, bila jina la mtu. Ijumaa mchana tunalisoma tukinywa chai. Mwezi wa kwanza lilikuwa tupu, kila mtu anamsubiri mwenzake. Mwezi wa pili nikaandika mimi, kisa cha ule usiku wa masika, niliowasimulia leo. Mwezi wa tatu kulikuwa na kurasa 11. Kwamba ambu ya watoto ina tundu. Kwamba taa ya chumba cha kujifungulia inazimika mvua ikinyesha. Kwamba kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi hakuna anayesikiliza mapigo kila nusu saa, hakuna, tusidanganyane. Ambu ilinunuliwa wiki hiyo hiyo kwa fedha za kituo. Taa ilimchukua fundi nusu siku. Kwa hilo la tatu tuliandika barua ya kuomba mtu wa usiku, safari hii tukaambatanisha patografu zenye mapengo, na tukaletewa mkunga mmoja baada ya miezi saba.

Kisha akaja msimamizi mmoja, mtu mwema kabisa, akasikia habari za daftari akafurahi. Akasema ni jambo la kuigwa, lazima liingie kwenye fomu: kituo kina daftari? limejazwa kila zamu? makosa mangapi kwa mwezi, na yapungue kwa asilimia ngapi kufikia Juni? Akaomba alione. Sista wa zamu akamwangalia, akamwambia kwa upole kwamba daftari limepotea.

Lilikuwa kwenye kabati la chai, chini ya mkebe wa sukari. Hadi nastaafu lilikuwa hapo.

Ahsanteni. Aika.